Springi Uliyomwekea Shemeji Yako

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Presha ya mama imeshuka, na mtoto mdogo ameota jino la pili.

Jumamosi mume wangu alirudi kutoka karakana yako akitabasamu. Aliweka bastola mezani akasema, "Mdogo wako fundi kwelikweli. Kaniwekea springi mpya palepale, hata chai sijamaliza."

Wewe unayefungua silaha kila siku, hukujiuliza springi ya ndani kabisa inapoteaje yenyewe? Niliitoa mimi, nikaitupa chooni ili bastola isifyatuke. Yeye alidhani imedondoka alipokuwa akisafisha bastola. Miezi mitatu nililala usingizi. Kabla ya hapo, chumvi ikizidi kidogo tu, alikuwa akininyooshea bastola hiyo mbele ya watoto, halafu anacheka, anasema ni utani.

Na usiniambie hukujua. Mwaka jana nilikueleza kila kitu, ukanijibu, "Vumilia, dada, ni hasira za kazi." Nilivumilia. Kumbe wewe ungemtengenezea.

Jana asubuhi, alipoingia kuoga, niliifunga bastola kwenye taulo, nikambeba mdogo, nikawashika wakubwa mkono, nikaipeleka polisi. Nimeandikisha maelezo, nao wameizuia. Sasa tuko hapa kwa mama, na sirudi. Akikutuma uje kunibembeleza, kataa.

Mama ameniuliza mara mbili ni fundi gani aliyeitengeneza. Jina lako sijalitaja. Njoo umjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako, hasira bado hazijanishuka.