Ekzosi ya Pikipiki Yako na Posa ya Judith

Bigwa,
Morogoro.
12 Septemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Fidelis,

Pokea salamu nyingi kutoka chini ya mlima. Hujambo mwanangu? Bukoba inakuendeaje, na ile baridi ya ziwani bado inakukamata kifua? Mkeo Ester na mtoto wanaendeleaje? Shikamoo yako naipokea tangu huko, marahaba. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, na mimi mzima kuanzia unyayo hadi utosi, nalo si jambo dogo, maana Jumamosi watu walishaanza kunililia.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika pazuri. Na mama yako amenipa mpaka Jumapili: nisipokueleza mwenyewe atakupigia yeye, na dada yangu unamjua, akisimulia jambo anaanzia kwenye kosa.

Basi jua kwanza kwamba pikipiki yako ipo, inawaka na inapanda mlima. Mdogo wako Judith ameposwa, na posa imepokelewa. Sasa soma taratibu.

Ulipoiacha ile pikipiki kwangu ulisema, mjomba, itunze, ushushie karoti na njegere. Nimeitunza. Lakini tangu mwezi wa saba ikifika kwenye mwinuko na matenga mawili ilikuwa inahema kama mgonjwa wa pumu. Abuu, huyu jirani yangu wa bodaboda, akaniambia vijana wa mjini wanatoa matumbo ya ekzosi ili injini ipumue, akataka kunipeleka kwa fundi. Fundi wa nini? Mimi niliyeishia darasa la tano nimewahi kuwasha trekta la misheni kwa kijiko cha chai, na padri wa wakati ule kila akiniona alikuwa anavua kofia.

Nikaifungua ekzosi hapahapa uani, nikaibana katikati ya mawe mawili, nikaikata nyuma kwa msumeno wa chuma. Ndani mna vibomba na visahani vyenye matundu, vimepangwa kama vyumba vya gesti. Nikavitoa vyote. Likabaki bomba tupu, unachungulia huku unaona kule. Nikairudisha, nikapiga kiki moja.

Fidelis, ile sauti! Kuku wa Bigwa nzima waligoma kutaga siku tatu. Wanasema hata kule Ngerengere wanajeshi walisimama mguu sawa wakidhani mkubwa wao amefika. Abuu akaja mbio, ameziba masikio.

"Mzee Severini, hiyo pikipiki au mashine ya kusaga?"

"Wewe endelea na hiyo cherehani yako," nikamwambia.

Na kwenye tambarare, haki ya Mungu, iliruka. Nilitoka hapa nikafika mjini kabla vumbi langu halijajua kwamba nimeondoka. Mlimani sikuijaribu. Hapo nilikosea, nakubali mara hii moja.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Kijana anaitwa Athanas, wa Kihonda, mpole, ana adabu zake. Alipanda kwa mama yako kule mlimani tangu saa tatu asubuhi, yeye na baba zake wadogo wawili na mshenga wao, Mzee Thobias. Sasa wewe ni Mluguru, huhitaji kuambiwa: posa ya binti yetu haifunguliwi kinywa mpaka mjomba akae kwenye kiti. Shangazi wajae uwanja, mjomba akiwa hayupo wageni watapewa uji na kutazamwa tu. Nao walikwishasema saa saba wanashuka, kwa sababu gari walilokodi lilikuwa na safari nyingine. Wakishuka bila jibu, ni sawa na kwamba tumewakataa. Judith alikuwa chumbani na kitenge chake kipya, hajala tangu jana yake.

Mimi nilitoka Bigwa saa tano. Ningeweza kutoka saa mbili na wale wanaopanda kwa miguu, lakini nilitaka wanisikie nikija. Na walinisikia kweli. Mlima ule unavyorudisha sauti, walinifuata kona kwa kona. Shangazi zako wakawa wanawatuliza wageni, "Kaeni, huyo ndiye mwenyewe, yuko darajani."

Baada ya daraja, mwinuko ulipoanza, pikipiki ikabaki na kelele peke yake. Gia ya kwanza, inalia kama ng'ombe, inatembea kama konokono. Ikaanza kupiga risasi nyuma, pa! pa! paa! Kisha ikazima. Ilikuwa saa sita na nusu.

Kumbe kilichowatisha kule nyumbani ni kile kimya. Wamesikia ngurumo, wamesikia milipuko mitatu, halafu hakuna kitu, na upande wa kushoto pale unalijua lile korongo. Mama yako akapiga yowe, "Kaka yangu ameingia korongoni!" Basi nyumba nzima ikamwagika kuteremka, wageni na suti zao, mshenga mbele na bakora yake.

Walinikuta nimekaa juu ya jiwe, natoboa kopo la maziwa kwa msumari. Nilikuwa nimempelekea mama yako yale maziwa, nikayanywa yote ili kopo lipate kuwa tupu. Nilikwishagundua mwenyewe kwamba bomba likiwa wazi kabisa, moshi unatoka mbio na nguvu ya kupandia inaondoka nao. Nikataka nilisokomeze kopo mle ndani nilifunge kwa waya.

Mama yako akanishika mabega, akanitikisa kuona kama nimevunjika, halafu akanizaba kofi la mgongo. "Mzee mzima! Mtoto akose mume kwa ajili ya bomba!" Nilikuwa na jibu, lakini nikaona machozi yake, nikaliweka kopo chini. Nakuambia wewe tu: njia nzima nilifikiria pikipiki, Judith sikumfikiria.

Mzee Thobias akachuchumaa akachungulia ekzosi. Kumbe kazi yake ni kuchomelea mageti. "Mjomba, matumbo yake umeyatupa?" Nikamwambia yapo kwenye ndoo. Na kweli Jumanne alikuja hapa Bigwa mwenyewe, akayarudisha na kuchomelea, limebaki kovu tu kama la kidonda kilichopona. Akafungua na chujio la hewa, akatoa humo vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kumbe kuhema kote kule kulitokana na vumbi hilo. Mimi nilishahisi.

Tuendelee. Kopo likaingia, injini ikawaka, lakini kunibeba mimi na mwili huu ikakataa. Saa saba ikawa imefika. Athanas akavua koti akampa mama yako, akashika nyuma, baba zake wadogo wakashika ubavuni. Wakanisukuma nimekaa juu ya pikipiki yako mpaka uwanjani. Dereva wao alipiga honi wee, mshenga akamjibu, "Subiri, mjomba amepatikana!"

Shangazi zako wakanitoza jogoo kwa kuchelewesha posa, jambo ambalo halijawahi kumpata mjomba yeyote wa ukoo huu. Nimemtoa. Nikakaa kwenye kiti, akaitwa Judith, nikamuuliza mbele ya wote kama inavyopaswa, "Hawa wageni unawafahamu?"

Akainama, kitenge usoni. Kisha akasema, "Nawafahamu, mjomba. Ndio hao waliokusukuma."

Walicheka mpaka mshenga akashika ukuta. Nami nikasema tumepokea. Kifua changu kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu lile kofi.

Harusi ni mwezi wa kumi na mbili. Njoo uione pikipiki yako, na ukija usiniamkie kwa hasira.

Mama yako Paskalia anakusalimu sana, na Judith, na Abuu ingawa hujamuulizia. Nisalimie Ester, umbusu mtoto. Mungu akulinde kwenye kila mwinuko na akushushe salama.

Ni mimi akupendaye bila kupungua,
Mjomba wako, Severini.