Baba Aliingia Kwenye Picha

Kapkatet, Jumamosi

Usingizi hauji, na si kwa sababu ya baridi.

Chuoni tulifundishwa kuhusu waongozaji wa Italia ambao baada ya vita waliacha waigizaji maarufu, wakapiga filamu barabarani na watu wa kawaida. Leo nimejaribu mtindo huo. Nilimwomba Mama achune majani chai kama kila siku, nikashika simu na kurekodi bila kukata.

Mara Baba akatokea shambani. Tangu nianze masomo ya filamu, hajawahi kuniuliza ninasoma nini. Nilitaka kumwambia atoke. Nikaendelea kurekodi.

Alisimama kando ya Mama. "Huyu msichana anapiga picha ya nini?"

"Ya kazi yetu," Mama akamjibu.

Akafikiri kidogo, kisha akaanza kuchuna. "Basi hata mimi aniweke."

Mkono wangu ulitetemeka. Mwalimu ataona, na labda atanikata alama, lakini sirudii.

Wakati wa chakula Baba aliniuliza tutarekodi tena lini, ili anyoe ndevu kwanza. Nikamwambia filamu imekwisha, na ndevu zake zimo. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini.