Kitabu cha Mama Ulichosema Umekisoma Chote

Kwako Wafula, uliyekuwa mchumba wangu,

Ujumbe wako niliupata Jumanne nikiwa kwenye basi la kampuni, tumekwama njiani kutoka makazi yetu ya Al Rayyan kwa sababu ya uchimbaji wa njia ya reli. Miaka miwili kimya, hata salamu ya Krismasi hakuna, halafu simu inalia: "Sasa Mutheu. Siku mingi. Si unakumbuka ile kitabu ya Syokau, ile ya maharagwe? Profesa anataka nakala kabla ya intavyu yangu ya PhD Alhamisi ya wiki ijayo. Nisaidie, wewe ndio ulikuwa unajua hizo vitu." Nilisoma mara tatu. Mfilipino aliyeketi kando yangu aliniuliza kama nimefiwa, maana nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Nakujibu hapa, mbele ya watu, kwenye ukurasa huu wa Wakenya wa Doha, hawa hawa waliokupikia pilau siku ya kukuaga. Mambo yetu yalikuwa siri kwa muda mrefu mno, na siri yenyewe ilikufaa wewe peke yako. Leo wacha wote wasome.

Wengi wao wanakukumbuka ukiwa bawabu wa hoteli yetu pale Al Sadd. Wewe mlangoni na digrii yako ya kilimo, unafungulia watu magari kwenye jua la Julai. Mimi ndani kwenye mapokezi na digrii yangu ya mambo ya vyakula, nawapa wageni funguo. Tulizoea kukaa ukingoni mwa barabara ya nyuma na vikombe vya chai ya karak, tunasoma matangazo ya vyuo vya Ulaya kwenye simu moja, kichwa changu begani mwako. Barua ya kuomba nafasi ya Uholanzi niliiandika mimi. Tulikubaliana atangulie mmoja. "Nikishapata kiti, nakuvuta," ulisema. Nami nikakaa kungoja kuvutwa, mjinga mimi.

Nakumbuka baridi yako ya kwanza kana kwamba ilinipiga mimi. Ulinipigia simu ya video ukiwa umevaa koti ndani ya blanketi, chumba chembamba, dirisha jeusi saa kumi na moja jioni. Ulinionyesha jikoni mnakopikia watu tisa, kila mtu na rafu yenye jina lake, na ya kwako ilikuwa na mkate na chumvi tu. Uliniambia kwamba wiki nzima hakuna aliyekuita kwa jina isipokuwa mwanamke wa ofisi ya vibali, naye alilikosea. Kisha karatasi yako ya kwanza ikarudi imejaa wino mwekundu. Ulilia, Wafula. "Mutheu, hawa watu watanirudisha. Nitawaambia nini nyumbani?"

Nilikuambia lete hapa. Mara moja tu, tulisema. Nilipokuwa chuoni Nairobi nililipa kodi ya chumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Nusu ya darasa letu tuliishi hivyo, na hakuna aliyeona haya. Mkono wangu uliijua kazi. Ile karatasi ilirudi na alama nzuri, na toka siku hiyo hukuandika tena hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo mimi nimesoma uzamili wa Ulaya nikiwa Doha. Msinicheke. Ulinipa nywila yako, nikawa nasikiliza mihadhara kwenye kantini ya wafanyakazi, sikio moja kwa mwalimu, sikio lingine kwa msimamizi asije akanikuta. Nilimjua yule mhadhiri anayekohoa kabla ya kutoa mfano. Nilijua nani kwenye kundi lako hafanyi kazi, na hiyo ilinichekesha, maana na wewe hukuwa unafanya. Ijumaa baada ya ibada wenzangu walikuwa wanakwenda ufukweni Corniche kupiga picha, mimi narudi kuandika kazi ya Jumatatu yako. Ulinieleza jinsi unavyoanguka na baiskeli, jinsi majirani wanavyosema hujambo wakiangalia viatu. Nilikuwa nakuhurumia hadi nakosa hamu ya chakula.

Na siku moja sitaikana. Kabla hujasafiri ulipitia kwetu Tala, mama akakuchinjia kuku, ukala mpaka ukafungua mkanda. Alikupa kilo mbili za maharagwe yaliyopakwa majivu, amefunga kwenye kitambaa. Februari ukayapika kule jikoni kwenu, ukaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi ili nione mvuke. Yule jirani yako wa Indonesia alionja, akarudi na sahani. "Leo ndiyo nimeshiba tangu nifike," ulisema. "Mwambie Mama Mutheu Mungu ambariki." Nilikupenda siku ile kuliko siku zote, na nikamwambia mama maneno yako, naye akafurahi sana.

Miezi minane baadaye mama akafa.

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Meneja aliniambia watu wawili wa mapokezi wako likizo, na karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini haiwezi kuwa tayari kabla ya Jumapili. Nililia mbele yake, nikapiga magoti, mimi ambaye unajua sipigi magoti ovyo. Hakuna. Nilikuandikia kwamba mama amefariki, nikakutumia na picha ya tangazo la mazishi, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumtumia aliyewahi kula kwa mama. Ulijibu: "Pole sana mpenzi. Mungu awape nguvu. Sasa ile sura ya nne bado itafika Jumatatu?"

Picha yenyewe hukuifungua. Nilijua baadaye, nitasema nilijuaje.

Sura ya nne ilifika Jumatatu. Niliiandika kitandani kule Al Rayyan, nimening'iniza taulo iwe pazia, wenzangu watatu wa chumbani wakinyata kwa ajili ya msiba wangu. Ilikuwa sura ya kuhifadhi maharagwe kwa majivu. Nilitafuta msomi wa kumtaja. Wapo wengi, wana mizani na mashine, ila hakuna aliyesema kile mama alichoniambia toka nikiwa mdogo, tukianika mbele ya nyumba: "Maharagwe hayaliwi na fukusi, Mutheu. Yanaliwa na haraka ya aliyeyafunga gunia." Nikayaandika maneno yake kwa Kiingereza kizuri. Halafu mahali pa jina la mwandishi nikaandika Syokau, M. Nikampa kitabu, *Majivu na Maharagwe*. Nikampa mji, Machakos, na mwaka, ule niliozaliwa mimi. Haukuwa mtego, naapa. Ndugu zangu walitupa udongo kaburini. Mimi niliweka jina lake kwenye marejeo yako, na hayo ndiyo mazishi niliyopata.

Nilidhani utaona. Nilingoja unipigie useme, wewe Mutheu, si huyu ni mama yako? Jina lilikuwa limeandikwa juu ya tangazo kwa herufi kubwa: Syokau. Kama ungeifungua ile picha ungelijua. Lakini kwako alikuwa Mama Mutheu tu. Sawa, ndivyo tunavyowaita wote kwa heshima, sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwamba ulilala kwake, ukala kuku wake, ukabeba mbegu zake hadi Ulaya, na hukuwahi kuuliza jina la mwanamke ambaye ungekuja kumlipia mahari bintiye.

Kisha siku ya kutetea tasnifu ukapiga simu unacheka hadi unakohoa. "Mutheu, si profesa wangu ameuliza juu ya Syokau! Eti hajawahi kuona hoja kama ile. Nikamwambia hicho kitabu nimekisoma chote, siku mbili, maktaba Nairobi. Akaniuliza Syokau ni nani. Nikamwambia ni mzee mmoja, profesa mstaafu, msomi sana!" Na mimi nikacheka nawe. Mungu wangu, nilicheka! Nilikuwa kwenye ngazi za nyuma za hoteli, nimeshika ukuta. Nilikupa muda uniulize hata wewe, kwa udadisi tu, huyu Syokau ni nani hasa. Ukaaga, ukasema mnakwenda kusherehekea.

Baada ya hapo simu zako zikawa za kuhesabika, mara mtandao mbaya, mara umechoka, mara "nitakupigia". Habari ya harusi yako niliiona kwenye picha za mtu mwingine. Binti wa watu sina neno naye, hakunijua. Nilichofanya nikaitafuta tasnifu yetu kwenye tovuti ya chuo chenu, nikafungua ukurasa wa shukrani. Umemshukuru Mungu. Umemshukuru profesa, mwenye nyumba, jirani wa Indonesia, hata fundi aliyekutengenezea baiskeli. Mwisho kabisa: "na marafiki zangu wa Doha, kwa maombi yao." Kurasa mia moja na kumi na nne nimeandika mimi, wewe unanishukuru kwa maombi! Asante ya punda kweli ni mateke.

Watu wa ushirika wetu wa kanisani watanishauri nisamehe, nimwachie Mungu. Nimemwachia miaka miwili. Nina hasira, Wafula, na sioni haya kuisema. Nimeilea kama mtoto, nimeipeleka kazini na kuirudisha, na ningeweza kuendelea kuibeba kimya kama usingenitumia ule ujumbe wa pili. Wa Jumatano. Nilikuwa sijakujibu hata wa kwanza.

"Kama hiyo kitabu imepotea, tengeneza tu kitu. Kurasa ishirini hivi, weka na jalada, ikae ya zamani. Wewe ni mkali wa hizo mambo."

Nimetengeneza.

Nimetumia asubuhi nne kabla ya zamu. Zimekuwa kurasa ishirini na mbili. Nimeandika yote aliyonifundisha: magunzi gani ya kuchoma, namna ya kuchekecha majivu, kwa nini yangojewe yapoe kabisa, namna ya kuing'ata punje kusikia kama imekauka au inakudanganya. Nimewapigia shangazi zangu wanikumbushe niliyosahau, wakabishana kwenye simu saa nzima juu ya kibuyu na gunia. Kwenye jalada hakuna uzee wa kuigiza. Kuna jina lake zima na kazi yake: muuza maharagwe, soko la Tala.

Kurasa mbili za mwanzo ni barua kwa profesa wako. Nimemweleza kwamba kitabu alichokiulizia hakikuwahi kuwepo hadi juma hili, ila maneno yaliyompendeza ni ya kweli, na aliyeyasema ni mama, si profesa mstaafu. Nimemweleza ni nani aliyeandika sura ya nne, na ya kwanza, na zile nyingine, na nimeambatanisha rasimu zote jinsi nilivyokuwa nakutumia, pamoja na majibu yako. Ule wa "bado itafika Jumatatu" umo. Tangazo la mazishi nililokutumia limo pia. Nilipolitafuta kwenye maongezi yetu ndipo nikaona halina ile alama ya kufunguliwa, miaka yote hiyo.

Sikujificha. Nimeandika kwamba na mimi nilifanya kosa, nikaweka jina langu kamili. Nina ombi langu mwenyewe huko huko Uholanzi, la uzamili, nimelituma mwezi uliopita, kwa sababu nilichoka kungoja kuvutwa. Huenda wakaniambia mwenye kuandikia wengine hatufai. Hilo limeninyima raha siku hizi nne, nisikudanganye. Mara mbili nilifuta barua, mara mbili nikaiandika upya. Mwisho nikajiuliza kama niko tayari kumwacha mama abaki mzee mstaafu kwenye rafu za Wazungu ili mimi nipate kiti, nikaona siko tayari. Leo asubuhi nimebonyeza, imekwenda.

Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zimefika pamoja na zako. Tofauti ni kwamba mimi nimezihesabu.

Nakala yako nimekutumia. Tafadhali, hii ifungue. Una mpaka Alhamisi kuwa mtu aliyekisoma chote.

Na lile neno lako la maombi, Wafula. Miaka yote ile sikukuombea hata siku moja. Nilikuwa naandika kazi zako, saa ya kuomba ningeipata wapi? Lakini leo, kabla ya kuingia zamu, nimepiga magoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikakuombea, ili shukrani zako zisiwe za uongo. Nimeomba Alhamisi ukikaa mbele yao, kabla hawajasema lolote lingine, wakuulize jina la mama yangu.

Ni mimi, rafiki yako wa Doha,
binti ya Syokau.