Aliyesimama Mlangoni pa Mgodi

Huanchani, Jumapili, 4 Agosti

Kaka Fermín,

Hujambo huko Oruro? Sisi wazima, ila baridi imetupasua midomo na shangazi bado anakohoa.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Shangazi akilala, huwa natoka. Naenda na kamera aliyoniachia mwalimu hadi kwenye magofu ya mji uliohamwa madini ya fedha yalipokwisha, naisimamisha kwa miguu yake mitatu, naiacha wazi dakika kumi inywe nyota. Kule hakuna wa kuniuliza kwa nini siongei.

Ijumaa usiku kengele ya kanisa iliibwa. Lawama zimemwangukia Mzee Anselmo, mlinzi, kwa kuwa funguo anazo yeye. Jumapili ijayo mkutano utamfukuza kijijini, na umri ule hana pa kwenda. Lakini Ijumaa hiyo nilikuwa magofuni, na pichani kuna mtu mlangoni pa mgodi, kengele miguuni pake. Ni wewe, kaka. Irudishe, nami nitanyamaza.

Mdogo wako,
Nieves

Oruro, Jumatano, 7 Agosti

Nieves,

Salamu za mchongezi sizipokei.

Shule imekuongezea Kihispania juu ya Kikechua chetu, na kwa lugha zote mbili huwezi kumwomba jirani chumvi. Jumapili ndiyo utasimama mkutanoni? Useme nini, bubu wee? Picha ya usiku ni moshi tu. Humo hata punda anaweza kuonekana kama mimi. Na kengele imeshayeyushwa.

Jumamosi naja na lori la chumvi. Picha nitaichoma pamoja na hiyo kamera, ndipo utajua kaka ni nani.

Kaka yako

Huanchani, Jumamosi, 10 Agosti

Kaka,

Shangazi ana nafuu. Hali yako siiulizi.

Nikwambie ulipokosea. Kamera ya dakika kumi haimshiki anayetembea. Hubaki uzi wa taa yake tu. Ungepita na mzigo wako, nani angekujua? Lakini wewe mwana wa mchimbaji. Ulipomfikia Tío pale mlangoni, sanamu ya udongo ya bwana wa mgodi mwenye pembe, ulimtia sigara mdomoni ukasimama mpaka ikaisha, kama baba alivyotufundisha. Ndiyo maana hata kovu la unyusi wako limeonekana pichani. Sanamu uliipa heshima yake. Anselmo, aliyebeba jeneza la baba begani, ukamtupa.

Ni kweli, mbele ya watu siwezi kusema. Basi sisemi. Picha nimeibandika mlangoni pa kanisa tangu alfajiri, na nyingine anayo Mzee Anselmo. Picha haina haya.

Lori limenguruma, limezima. Nasikia buti uani, la kushoto linaburutwa, kama utembeavyo wewe. Barua hii nilikuwa nimeisukuma chini ya gunia la viazi. Nimeitoa. Nimeiweka mezani, taa karibu yake, na mlango sikuufunga.

Ingia. Soma nikiwa nakutazama.

Mdogo wako