Udongo wa Bonde la Msuka

Morogoro

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Zuhura,

Assalaam aleikum. Goti vipi? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Mie mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, ukisikia neno usilolitaka unampa Hamad. Leo Hamad ndiye anayekusomea. Kaka yangu, soma yote, usiruke hata mstari.

Kazi huku ni ileile, kupima udongo wa mashamba ya mpunga, tujue una chakula gani cha mmea na umepungukiwa na nini. Wenzangu wananicheka ninavyomlilia pweza. Ugali nimeuzoea, kuupenda bado.

Unakumbuka Hamad alipochimba udongo bondeni kwetu Wingwi, ukamwambia, "Wampelekea mwenzio matope, wamwona hana?" Sikukwambia kwamba nilimwomba na Raya, binti wa Mama Mdogo Mkasi, anichukulie udongo wa bonde lao la Msuka. Nilijua ukisikia jina la mdogo wako utanuna. Wakati huo Mama Mdogo alikuwa hai. Majibu yametoka sasa, yeye yuko kaburini.

Mama, si hasadi. Si chumaulete aliyekuvutia mavuno. Ni bahari. Chakula cha mmea kimo udongoni, tena cha kutosha, lakini maji ya chumvi yamepanda kutoka pwani yakaingia chini kwa chini, na mizizi haiwezi kuyanywa. Mpunga wako unakufa kwa kiu na maji yamejaa. Ile chumvi ya kusomewa uliyolizungushia shamba haikuleta haya, usijilaumu kwa hilo.

Nilipoupima udongo wa Msuka nilidhani nimekosea, nikarudia. Una chumvi kuliko wetu. Bonde lile limekufa kabla ya letu, halitoi hata punje. Nikampigia Raya, nikamuuliza, "Mchele mliokuwa mkituletea kila mavuno mliutoa wapi?" Nikamsikia analia.

"Wa dukani, dada. Mama alikuwa akivuna mwani, akishauza, yuwenda Konde kununua. Mie nshamwambia, mwambie mama mkubwa kweli. Akasema, 'Dada yangu ana kiburi, akijua wa kununua hatoula.'"

Na alikuwa akitia makapi kiganja kimoja, ili udhani umetwangwa nyumbani. Makapi yale, Mama! Wewe ukasema mtu mzima hata kupepeta hajui, tukacheka sote. Kisha ukakitazama kile kikapu ukasema, "Wangu wakauka, wake watoka wapi?" Kuanzia siku ile mdogo wako akawa mchawi. Mchele wa mwisho ukawamwagia kuku, na Msuka hukukanyaga tena mpaka siku ya maziko.

Nimelia, Mama, mpaka kazini wakaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo.

Ningeweza kunyamaza. Lakini juzi kwenye simu umesema, "Mie sijamsamehe, n'takutana naye mbele ya Mungu," na neno hilo limeninyima usingizi. Siku ya maziko wewe ndiye uliyekuwa wa kumwosha, dada yake wa tumbo moja, ukakaa barazani na wageni. Wanawake walipoombwa wamsamehe marehemu, wote wakaitikia, wewe kimya. Raya ameniambia, wala hakuniambia kwa kukusengenya. Nina hasira nawe, na nakuonea huruma zaidi ya hiyo hasira. Radhi ni sisi wa kuiomba, na wa kutupa tumeshamfukia.

Bonde liache. Usimwage tena mbegu pale. Hamad alime muhogo huko juu, udongo wake nimeupima, ni mchovu lakini samadi ya ng'ombe itauinua.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie kofia aliyomshonea mume wangu inamkaa vizuri. Nisalimie na Bi Hidaya, somo yangu, anayekuchotea maji goti likikataa. Wanangu wanakubusu mkono.

Kwa Raya sikutumi salamu. Nenda mwenyewe, usimtume Hamad. Usianze kujieleza mlangoni, anajua kila kitu, wala hajawahi kukutaja kwa ubaya. Ingia ndani, kaa naye. Akikuwekea chakula, kula.

Mwanao anayekuombea dua,
Hidaya