Kikapu Alichokiacha Bibi Josepa Chini ya Ngazi

Mwaka umetimia, Mama na Bibi yetu Josepa, tangu wiki ile ya kuelekea Pasaka ulipojilaza mchana, ukasema ni kidogo tu, na hukuamka tena. Aproni yako ilikuwa kwenye msumari, bado inanukia mdalasini.

Kijijini wanakutaja kwa mipira yako ya nyama, ile ya mchuzi wa zeituni za kijani na uyoga mkavu. Sisi wa nyumbani tunakuona zaidi ukiwa kwenye kile kiti kifupi, kitambaa gotini, unauvuta unga wa bunyeta, maandazi yetu ya Pasaka, juu ya goti mpaka unakuwa mwembamba wa kuonyesha maua ya gauni lako, tayari kutupwa kwenye mafuta ya moto. Mjukuu wako Roser, wa binti yako Antònia, alikaa pembeni akitazama mikono yako. "Vuta taratibu," ulimwambia. "Hilo si shuka la kitanda."

Hukuacha kumtania Odile, mke wa mwanao Galdric, aliyekuja kutoka kaskazini na siagi yake. "Huko kwenu ng'ombe ndiye mpishi, mwanangu. Huku kwetu ni mzeituni." Lakini Roser alikuona ukichukua kipande cha siagi hiyohiyo na kukitia kwenye unga wa bunyeta. Ukamkonyeza. "Nyamaza. Akijua, ataleta ndoo nzima." Ameweka siri hiyo mpaka leo. Basi, Odile, leo umejua.

Jumatatu ya Pasaka ndiyo ilikuwa siku yako. Konokono uliwaokota mwenyewe baada ya mvua kwenye kuta za mawe za mizabibu, ukawafungisha bila chakula ndani ya kikapu na tawi la zaatari, jiwe juu ya kifuniko, mpaka matumbo yao yawe safi. Siku ikifika, matawi makavu ya mizabibu yanakuwa makaa, wavu wa chuma unawekwa, konokono wamepangwa kwa duara, midomo juu, chumvi na pilipili manga. Halafu unakuja wewe na chuma chako cha mpini mrefu, kichwa chake kama kofia iliyochongoka, chekundu kwa moto, kipande cha mafuta ya nguruwe ndani yake. Matone yalishuka yakiwaka, kila konokono na tone lake. Chuma hicho hukumpa mtu. "Mkono ukitetemeka, unaunguza nyusi za padri," ulisema, na padri mwenyewe amekaa palepale.

Ulipoondoka, wanao waligawana moto wako. Tunaandika wazi kwa sababu ulichukia kufichwa mambo. Jep alisema yeye ndiye mkubwa, akabeba wavu kwenda nao mjini Perpinyà. Galdric akasema yeye ndiye aliyekaa karibu nawe, akachukua chuma cha mafuta. Wavu ukawa hauna chuma, na chuma hakina wavu. Pasaka ile ikapita bila moto. Krismasi kila mtu alikula kwake. Roser akabaki na funguo za nyumba, akifagia uani ambako hakuna aliyekaa.

Wakati wa kuvuna zabibu alishuka chini ya ngazi kutafuta vikapu, akakuta kimoja kizito, jiwe juu yake. Ndani walikuwa konokono wa Pasaka yako. Katika shughuli za mazishi hakuna aliyewakumbuka. Wameshikamana, kila mmoja amejifungia kwa utando mweupe. Roser alidhani wamekufa. Alichukua mmoja, akamlowesha kwa kidole, akakaa naye kwenye ngazi. Kusubiri anakuweza, ulimfundisha wewe. Alikuwa karibu kumrudisha ndipo pembe moja ilipochomoza.

Alirudisha jiwe akanyamaza. Majira ya baridi yalipoisha aliwapigia wajomba zake simu, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno yaleyale: "Mjomba, konokono wa Bibi wako hai. Jumatatu ya Pasaka uje na chuma chako." Hakumwambia yeyote kwamba mwenzake naye ameitwa.

Jep alifika siku moja mbele, akalala kwenye chumba chake cha utotoni. Jioni aliwamwagia konokono maji ili waamke. Asubuhi, Galdric na Odile waliposhuka garini, kikapu kilikuwa kitupu uani, kifuniko kiko pembeni, na jiwe liko dirishani, pale Jep alipoliweka.

Ndugu hao walitazamana kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

"Nani amesahau jiwe?" Galdric aliuliza.

"Usianze."

"Na mvi zote hizo, Kaka. Kosa hilihili ndilo Mama alilokuchapia ukiwa bado unavaa kaptula."

"Alituchapa wote wawili. Wewe ulichapwa kwa kucheka."

"Na leo nani atanichapa?"

Jep alitaka kukasirika, ikamshinda. Roser alikuwa tayari anafuata njia za ute zinazong'aa ukutani. Zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye bustani yako, kwenye zile saladi zilizojiotea zenyewe tangu uondoke. Huko ndiko walikokuwa, wanakula. Wanao wakapiga magoti kwenye magugu, na Odile, yule ambaye Pasaka yake ya kwanza hapa alikuomba yai badala ya konokono, akawashikia ndoo.

"Huyu hapa. Na mwingine nyuma ya sikio lako, Kaka."

"Wapi?"

"Nakutania. Okota."

Walipomaliza, Jep alianza kuvunja matawi ya kuwashia moto. Roser akafunika kikapu, akaweka jiwe.

"Hawapikwi," alisema.

"Unasemaje?"

"Wamekula usiku kucha, Mjomba, na hatujui wamekula majani gani. Bibi asingewapika. Wafungishwe upya."

"Mpaka lini?"

"Wiki kadhaa."

"Kwa hiyo niubebe wavu kurudi Perpinyà, halafu niulete tena?"

"Uache hapa."

Jep alimtazama, kisha akautazama wavu. Galdric alikwenda garini, akarudi na chuma cha mafuta, akakitundika jikoni kwenye msumari wake, karibu na aproni yako. Jep naye akaegemeza wavu ukutani chini yake, baada ya kuchomea soseji. Mchana ule tulizila kwenye meza moja, kwa mkate na mchuzi mzito wa kitunguu saumu.

Konokono wako sasa wanafunga tena chini ya ngazi. Jumapili ya Pentekoste, baada ya ibada ya kukuombea, moto utawashwa uani. Chuma atakishika Roser. Wajomba zake wote wawili wamekubali, kila mmoja kwa sababu atakayekishika si mwenzake. Padri ameahidi kukaa mbali kidogo.

Unakumbukwa na wanao Jep na Galdric, binti yako Antònia, mkweo Odile, mjukuu wako Roser, na majirani waliozoea kuja na sahani zao bila kuitwa. Waje.

Jiwe liko juu ya kifuniko, Bibi. Hatutasahau tena, na wewe hatutakusahau kamwe.