Sura Niliyompa Mwizi

Kambi ya wakimbizi, Nakivale

Mama yangu,

Jambo sana. Magoti yameamkaje? Na ile dawa ya kusugua, uliitumia mwenyewe ao uliwagawia majirani kama kawaida yako? Mimi niko, nachoka tu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu ungeweka sauti kubwa na nyumba nzima ingesikia. Yaya Neema, jirani yangu, anarudi Uvira juma hili, ndiye atakufikishia.

Ni yeye pia alikuambia kwa simu kwamba sishiki tena ufunguo wa sanduku la akiba la kikundi chetu cha wanawake, ukauliza nimekosa nini. Sikukosa kitu, Mama. Unajua ule ufunguo ulivyokuwa kwangu. Sanduku lina kufuli tatu, kila kufuli na mama anayeshika ufunguo wake, na wengi pale ni Warundi. Kumpa Mukongomani, tena asiye na mume wala mtoto, ilikuwa kusema huyu ni wetu. Tangu nifike hapa sijapewa kitu kikubwa kuliko kile.

Maneno yalianzia kwenye kazi. Kuna kampuni ya pesa za simu, ofisi yake iko Mbarara, Kamukuzi, inayonipa kazi ya kuchora mabango ya kufundisha wachuuzi: miraba ya picha na mishale, maandishi kidogo, maana hapa kila mtu ana lugha yake na wengi hawasomi. Nilichora namna ya kutuma pesa, nikachora namna ya kutunza betri ya sola isife mapema, watu wakaelewa. Kisha Amos, kijana Munyankore, mwenyeji wa huku, anayesimamia kazi, akaniambia, "Sasa chora mwizi wa simu. Ule anapiga, anasema umeshinda zawadi, anataka namba yako ya siri."

Nikachora mwanaume mwenye kofia. Warundi wakasema kofia ile ni ya kwao, kwa nini mwizi awe Murundi? Nikamvua kofia, nikamvalisha shati ya maua. Wakongomani wenzangu wakakasirika kuliko wale. "Dada, fasi hii yote haukuona mwizi mwingine, paka sisi tu?" Basi nikaondoa sura, nikaacha kivuli cheusi kimeshika simu. Siku ya mafundisho mzee mmoja akasimama, akasema huyu si mwizi, ni mchawi, na dawa yake si kuficha namba, ni maombi. Watu mingi wakaitika amina. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikakumbuka ni mimi wa kurudia kazi.

Kwenda Mbarara kubadilisha picha ni vumbi la barabara mpaka Masha, na kurudi ni lile lile. Nilikuwa nimechoka, Mama. Nikachukua kioo, nikajichora mwenyewe: kitambaa changu kichwani, huu mwanya wa meno niliourithi kwako, simu sikioni. Hakuna aliyelalamika. Amos akafurahi. Mabango yakabandikwa katika masoko yote.

Wanawake wakaanza kuficha simu nikipita. Muuza nyanya mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, nilitoka gerezani lini. Halafu wageni waliotaka kuingia kikundi chetu waliona bango ukutani, wakaniona mimi nimekaa na ufunguo, wakaondoka bila kuaga. Mama Espe, Murundi, rafiki yangu wa kwanza hapa, ndiye alitumwa kwangu.

"Dada Riziki, sisi tunakujua. Lakini watu wanaamini macho yao. Turudishie ufunguo, kwa muda tu."

Niliufungua shingoni nikampa. Hakuniangalia usoni. Alipokwenda nililia, sikufichi.

Juzi alirudi, anacheka, na sahani ya maharage mkononi. Alipigiwa simu akaambiwa ameshinda pikipiki, ataje namba yake ya siri. "Nilikuwa naanza kuitaja," akasema, "nikaona sura yako, nikakata." Sasa soko zima ndivyo wanavyoambiana simu kama hizo zikilia: kata, ni Riziki huyo. Nikamshukuru kwa maharage. Tukaongea habari za mvua na bei ya mbegu. Akaaga, akaondoka, na ufunguo hakuutaja.

Amos anataka kuchapa mabango mengine kwa kambi nyingine, na amesema naweza kubadilisha sura nikipenda. Nilikaa na kalamu nikipitisha kichwani nyuso za watu wote ninaowajua hapa, nikitafuta wa kumtwisha mzigo huu. Sikumpata. Nimemwambia achape ile ile.

Nisalimie kaka mkubwa na watoto wake, mama mdogo anayeuza samaki wa ndagala, na mjomba wa kinu cha mihogo, mwambie kikohozi kile asikidharau.

Na jambo la mwisho. Siku hizi watu wanatumiana picha hiyo kwa simu, na simu hazijui mpaka. Itafika na huko. Mtu akikuonyesha, akauliza kama unamjua mwizi huyu, usinikane, Mama. Sema ni mtoto wako.

Binti yako,
Riziki